Kivinjari kikigoma baada ya kompyuta kusasishwa
MALILI, Kaunti ya Makueni, ndipo serikali ya Kenya iliponunua ekari 5,000 mwaka 2009 ili kujenga mji wa teknolojia wa Konza. Hata hapo, anayeomba pasipoti kupitia eCitizen huweza kukwama kivinjari kinapokataa kufungua kurasa baada ya kompyuta kusasishwa.

Kwanza, tovuti ijaribiwe kwa simu iliyo kwenye mtandao uo huo. Ikifunguka, kasoro imo katika kompyuta. Isipofunguka, huenda tovuti yenyewe ina hitilafu, kama eCitizen iliposhambuliwa Julai 2023.

Pili, tarehe na saa zihakikishwe. Zikikosewa, kivinjari hukiona cheti cha usalama cha tovuti kuwa kimepitwa na wakati.

Tatu, kompyuta izimwe na kuwashwa upya, kivinjari chenyewe kisasishwe, kisha faili za muda zifutwe bila kugusa nywila zilizohifadhiwa. Wenye Windows 7 wafahamu kuwa Chrome iliacha kutoa matoleo mapya kwa mfumo huo mwaka 2023.

Onyo la usalama likiendelea kutokea, mtumiaji asilipuuze, hasa katika ukurasa wa malipo.