Saa ya faranga milioni 31 na risasi iliyopima sekunde

Novemba 2019, mjini Geneva, saa moja ya mkono iliuzwa mnadani kwa faranga za Uswisi milioni 31. Ni Patek Philippe Grandmaster Chime. Haina betri, ndani ni magurudumu na springi tupu. Ina nyuso mbili na kazi 20 tofauti, zikiwemo kugonga kengele na kalenda inayoujua mwaka mrefu bila kurekebishwa.

Huenda unajiuliza: yote hayo ya nini, wakati simu yako ya bei chee inashika majira vizuri kuliko hiyo? Swali zuri. Ila kuna enzi ambapo saa nzuri haikuwa pambo. Twende Ujiji.

Februari 1858, Richard Burton na John Hanning Speke walifika hapo wakitokea pwani, pamoja na Sidi Mubarak Bombay na wapagazi waliobeba kila kitu. Walitaka kuliweka Ziwa Tanganyika kwenye ramani. Kujua uko kaskazini au kusini kiasi gani ni rahisi: unapima jua limepanda kiasi gani. Kazi ipo kwenye mashariki na magharibi.

Hebu tupige hesabu. Dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii 1 kila dakika 4. Ujiji ipo karibu digrii 30 mashariki ya Greenwich, hivyo jua hufika utosini Ujiji karibu saa 2 kabla ya kule. Ukibeba saa inayoshika majira ya Greenwich, ukailinganisha na jua la hapo ulipo, tofauti hiyo ndiyo inayokuambia ulipo. Saa ikikosea dakika 4 tu, umelihamisha ziwa kwa kilomita 110 hivi, zaidi ya upana wake!

Sasa, kronomita zao ziliharibika njiani. Speke akafunga risasi kwenye uzi wa inchi 39, akaining'iniza ibembee. Ni fizikia ya sekondari: bembea ya urefu huo, karibu mita 1, huchukua sekunde 1 kwenda upande mmoja. Lakini risasi huhesabu sekunde tu. Haijui Greenwich ni saa ngapi. Ikabidi wategemee mwezi na nyota, njia ngumu yenye makosa mengi.

Hata tarehe zilipotea. Stanley aliandika kwamba alikutana na Livingstone Ujiji tarehe 10 Novemba 1871. Shajara ya Livingstone inaweka tukio hilohilo mwezi Oktoba. Watu wawili, mwembe mmoja, kalenda mbili. Homa na miaka ya safari huvuruga hesabu ya siku.

Ile saa ya Geneva nayo haijaepuka tatizo hilo. Isipojazwa kwa siku chache husimama, na ikisimama haijui tena leo ni lini. Lazima mtu aiambie.

Na simu yako? Ukifungua ramani leo pale Kigoma, inapokea majira kutoka kwenye setilaiti zenye saa za atomi. Ishara husafiri kwa kasi ya mwanga, hivyo kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni mita 300. Kumbe hatujaacha njia ya Speke. Bado tunauliza saa ngapi ili tujue tuko wapi. Tumebadilisha saa tu.