Kariakoo: soko lililobeba jina la wapagazi

Kila siku maelfu ya watu hununua, hula na kuzungumza Kariakoo mjini Dar es Salaam na Kariokor mjini Nairobi. Ni wachache wanaokumbuka kwamba majina ya mitaa hiyo miwili yana asili moja, nayo ni kambi za vita.

 

Anayetaka kuijua Dar es Salaam asianzie baharini. Aanzie Kariakoo, tena alfajiri, wakati magari ya mizigo kutoka mikoani yanaposhusha viazi, vitunguu na nyanya. Muuza kahawa hupita na dele lake juu ya mkaa, akigonganisha vikombe ili wateja wajue kuwa amefika. Mama lishe wamekwisha kuinjika sufuria za maharage na supu, na chapati zinageuzwa. Ifikapo saa nne Mtaa wa Kongo haupitiki: kanga na vitenge vimetandazwa huku, viatu kule, na vijana wa mikokoteni wanapiga kelele wapishwe njia. Jioni, wazee waliobaki katika nyumba chache za zamani hukaa barazani wakibishana juu ya Simba na Yanga, klabu mbili zilizokulia katika mitaa hii hii. Simba hadi leo huitwa Wekundu wa Msimbazi, kwa jina la barabara yenye makao yao.

Raha hiyo ya mtaa ndiyo anayoikumbuka Mswahili aliyeko Muscat, London au Minneapolis, na ndiyo maana anayerudi likizo hurejea na sanduku lililojaa vitu vya Kariakoo. Lakini jina lenyewe halikutokana na raha.

Vita visivyo na barabara

Mwezi wa Agosti mwaka 1914 Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka Ulaya, moto wake uliruka mpaka Afrika Mashariki. Upande mmoja walikuwa Wajerumani waliotawala Tanganyika, Rwanda na Burundi, wakiongozwa vitani na Paul von Lettow-Vorbeck. Upande wa pili walikuwa Waingereza kutoka Kenya na Uganda, pamoja na washirika wao Wabelgiji kutoka Kongo na, baadaye, Wareno kutoka Msumbiji.

Wakubwa wa majeshi hayo walikabiliwa na tatizo moja. Nchi ilikuwa pana, reli zilikuwa chache, na barabara za magari karibu hazikuwapo. Farasi na ng'ombe wa kukokota magari walikufa kwa wingi kwa sababu ya mbung'o. Kilichobaki kubeba risasi, dawa, hema na chakula kilikuwa kichwa cha mwanadamu.

Waingereza wakaunda kikosi cha wapagazi kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Mwanzoni walitafutwa watu wa hiari. Mwaka 1915 nchini Kenya ikapitishwa sheria ya kuwalazimisha wanaume kuandikishwa, na mwaka 1917 ukafanyika msako mkubwa uliomaliza vijana katika vijiji vingi. Mpaka vita vinakwisha, karibu watu milioni moja kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikuwa wameandikishwa kuwatumikia Waingereza kwa kazi hiyo. Wajerumani na Wabelgiji nao walikuwa na wapagazi wao, na wao pia waliwachukua watu kwa nguvu.

Mbeba chakula afa kwa njaa

Hesabu ya kazi hiyo ilikuwa ya kikatili. Mpagazi alibeba mzigo wa kilo 25 hivi. Yeye mwenyewe alihitaji kula kiasi cha kilo moja ya unga kwa siku. Safari ikiwa ndefu, mbeba chakula alihitaji mwenziwe wa kumbebea chakula chake, na huyo naye alihitaji wa kwake. Kadiri jeshi lilivyozidi kwenda mbali na reli, ndivyo chakula kilivyozidi kupungua njiani. Mvua kubwa za mwanzo wa mwaka 1917 zilipolifurisha bonde la Rufiji, posho ilikatwa, na watu wakaendelea kutembea.

Hata chakula kilichofika kiliua. Watu waliozoea ndizi, viazi vitamu, mtama au wali walipewa unga wa mahindi, bila vyombo vya kutosha wala muda wa kuuivisha. Ugali mbichi ukawaharibu matumbo. Kuhara damu, homa ya mapafu na malaria viliwaua wengi kuliko risasi. Hesabu za Waingereza wenyewe zilikaribia wafu laki moja, na wanahistoria wengi wanaamini kuwa idadi ya kweli ilikuwa kubwa zaidi. Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kusimamishwa Ulaya. Wapagazi wengi hawakurudi makwao, na mishahara ya marehemu ambao jamaa zao hawakupatikana haikulipwa.

Kutoka kambi hadi soko

Waingereza waliiteka Dar es Salaam mwezi wa Septemba mwaka 1916, na bandari yake ikawa kituo kikubwa cha jeshi. Wapagazi waliwekewa kambi nyuma ya mji, mahali ambapo Wajerumani walikwisha kupanga kuwa mtaa wa Waafrika. Huko Nairobi nako kulikuwa na kambi yao, upande wa mashariki wa mji. Watu waliyasikia maneno ya Kiingereza wakayatamka kwa ndimi zao. Dar es Salaam, ambako neno halipendi kuishia na konsonanti, likawa Kariakoo. Nairobi herufi ya mwisho ilibaki, likawa Kariokor. Jina hilo lipo Unguja pia, kwenye viwanja vya michezo ya watoto.

Baada ya vita, Waingereza waliigawa Dar es Salaam katika kanda tatu. Ufukweni waliishi Wazungu, katikati Wahindi na biashara zao, na Kariakoo ikawa ya Waafrika. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi ili kuwatenga. Mwaka 1923 soko likaanza kazi rasmi palipokuwa kambi.

Waafrika wakaujenga mtaa kwa namna yao. Nyumba ilikuwa na ukumbi katikati, vyumba pande mbili, ua wa kupikia nyuma na baraza mbele. Mwenye nyumba alipangisha vyumba, hivyo chini ya paa moja waliweza kuishi Mzaramo, Mnyamwezi, Mmanyema na Mngazija. Walichangia kisima, walikopeshana chumvi, na jioni walikutana barazani. Watawala walitaka mahali pa kuwatenga watu, lakini wenyeji walipageuza kuwa mahali pa kukutania.

Na waliokutana hawakuzungumza mpira peke yake. Tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU kilizaliwa katika mtaa ambao leo unaitwa Lumumba, hatua chache kutoka sokoni. Mwaka uliofuata Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji mashuhuri wa mjini, alianza kuwaingiza wanawake chamani kupitia vikundi vyao vya ngoma. Habari za uhuru zilisambazwa nyumba kwa nyumba, na kahawa ikinywewa.

Uhuru ulipopatikana, soko la zamani likawa dogo. Kazi ya kuchora jipya alipewa Beda Amuli, mmoja wa Waafrika wa kwanza kuwa wasanifu majengo katika Afrika Mashariki, na Mwalimu Nyerere akalifungua mwaka 1975. Paa lake la zege linafanana na miavuli iliyopinduliwa, nalo lilibuniwa ili kukinga maji ya mvua. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko hilo liliungua, na ukarabati mkubwa ukafuata. Mwezi wa Novemba 2024 ghorofa moja lililokuwa karibu liliporomoka na kuua watu zaidi ya 20. Nyumba nyingi zenye baraza zimekwisha kuvunjwa kupisha maghorofa ya maduka. Hata hivyo muuza kahawa bado anapita.

Majina ambayo hayakuandikwa

Kariokor ya Nairobi nayo ina sifa zake. Watu huenda huko kununua vyondo na viatu vya ngozi, na mchana moshi wa nyama choma huwaongoza wenye njaa. Huagiza mbavu na ugali, wakanawa mikono na kula pamoja kutoka ubao mmoja.

Waingereza walijenga kumbukumbu za vita katika miji yote miwili. Ile ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, ni sanamu ya askari mmoja na bunduki yake. Ile ya Nairobi ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Juu ya mawe hayo kuna maneno ya heshima kwa Kiingereza na Kiswahili, lakini hakuna orodha ya majina ya waliokufa. Mwezi wa Aprili mwaka 2021, tume ya Jumuiya ya Madola inayoshughulikia makaburi ya vita ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ripoti ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000, na pengine 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka 100.

Ndiyo kusema, mpenzi msikilizaji, kwamba kumbukumbu iliyodumu zaidi haikuchongwa na serikali yoyote. Imehifadhiwa na makondakta wa daladala na matatu wanaolitaja jina hilo mchana kutwa, na mama anayemwambia mwanawe, "Nenda Kariakoo ukaninunulie mchele." Watu waliokufa wakiwa na mizigo ya unga kichwani wameachia jina lao mahali panapolisha miji miwili. Na mpaka leo, katikati ya msongamano huo, bado utawaona vijana wenye magunia mabegani wakiomba njia.

Siku ukijaaliwa kukaa kwenye benchi la mama lishe, ama kukata nyama ya choma Kariokor, kula ushibe. Kisha mwulize mzee aliye karibu nawe kama katika ukoo wao yupo aliyechukuliwa kwenda kubeba mizigo ya vita. Huenda akakupa jina moja. Liandike, kwa maana huenda halijaandikwa popote pengine.