Maduka ya Lubumbashi, kutoka mjini hadi Kasungami

Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, reli ilipofika kutoka kusini. Maduka ya katikati ya mji yalishikwa na wageni, wakiwamo Wagiriki na Wayahudi kutoka kisiwa cha Rhodes. Waafrika walitengewa makazi yao. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kuwa biashara za wageni zipewe raia. Wengi waliozipata walikuwa watu wa siasa, si wachuuzi: waliuza bidhaa zilizokuwapo bila kuagiza nyingine. Uporaji wa 1991 na kuanguka kwa kampuni ya migodi ya Gécamines, ambayo mishahara yake ilikuwa ikilisha maduka hayo, vikayamaliza kabisa. Leo, huko Kasungami, mtaa wa pembezoni mwa mji katika komini ya Annexe, unga, mafuta na sabuni hununuliwa kwa kipimo kidogo kwenye vibanda vya jirani. Kulipa nauli ya kwenda mjini kununua huko hakuna faida.