Sosholojia ya Maendeleo Mlimani

Sosholojia ya maendeleo ni tawi la elimu ya jamii linalochunguza jinsi jamii zinavyobadilika, nani ananufaika na mabadiliko hayo na nani anayagharimia. Nchini Tanzania, somo hili lilipata sura yake katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 1961 katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, kabla ya kuhamia kampasi ya Mlimani.

Nadharia zilizotawala wakati huo, kama ile ya W. W. Rostow (1960) kuhusu hatua za ukuaji wa uchumi, zilimwona mkulima kama mtu aliyeachwa nyuma na mila zake. Azimio la Arusha la Februari 1967, lililotangaza siasa ya ujamaa na kujitegemea, lilichochea maswali mengine. Walter Rodney, aliyefundisha historia chuoni hapo, alitoa kitabu mwaka 1972 akieleza umaskini wa Afrika kuwa ni matokeo ya kunyonywa na Ulaya. Issa Shivji, msomi wa sheria, naye aliwageukia wakubwa wa hapa nyumbani: mwaka 1970 makala yake kuhusu mapambano ya kitabaka ilitoka katika *Cheche*, jarida la wanafunzi lililopigwa marufuku mwaka huohuo. Mwaka 1973 ikaundwa Taasisi ya Taaluma za Maendeleo, na wanafunzi wa fani zote, hata uhandisi, wakawa wanasoma somo la maendeleo.

Hata hivyo, mchango mkubwa zaidi ulitoka vijijini. Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Finland aliyewahi kuishi na Wazaramo kijijini Bunju, alihimiza wanafunzi wakae na wanakijiji, washiriki kazi zao, na watafute majibu pamoja nao. Hojaji iliyoandikwa ofisini huuliza tu yale ambayo mwandishi wake ameshayawazia. Mwaka 1975 yeye na wenzake walichunguza utapiamlo wa watoto wilayani Moshi, kwenye neema ya kahawa, wakaufuatilia hadi kwenye uhaba wa ardhi na hali za familia. Mwaka huohuo ulianza mradi wa utafiti wa Jipemoyo, magharibi mwa Bagamoyo, na mbinu hiyo ya kutafiti pamoja na wanakijiji, yaani utafiti shirikishi, ikapata jina kimataifa.

Wakati huohuo, serikali ilikuwa ikihamishia mamilioni ya watu katika vijiji vya ujamaa, mara nyingi kwa nguvu. Göran Hydén, aliyewahi kufundisha Mlimani, alidai mwaka 1980 kwamba mkulima mdogo aliweza kuikwepa dola kwa sababu shamba na ukoo vilimtosha. Wapinzani wake walimjibu kwamba soko na kodi vilikuwa vimemfikia mkulima huyo tangu ukoloni, na hoja yao ina uzito kwa yeyote anayekumbuka mashamba ya mkonge na pamba.