Ng'ambo ya Ghuba: Ukerewe

Unatazama Ghuba ya Speke. Kutoka hapa Mwamanyili, ukifuata maji kuelekea kaskazini-magharibi utafika Ukerewe, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ziwa Victoria: takriban kilomita za mraba 530. Mlango mwembamba wa Rugezi ndio unaokitenga na bara. Watu huvuka kwa feri kutoka Kisorya.

Kilikuwa nchi yenye mtawala wake, Omukama wa ukoo wa Abasilanga. Mwaka 1875 mvumbuzi Henry Stanley, pamoja na bunduki zake zote, ilimbidi ambembeleze Omukama Lukonge ampe mitumbwi ya kuvushia msafara kwenda Buganda. Mwenye mitumbwi ndiye aliyeshika njia.

Uchifu ulifutwa baada ya uhuru. Sasa Ukerewe ni wilaya ya Mkoa wa Mwanza, makao yake Nansio. Jumba la machifu lingalipo Bukindo.

Wakerewe, Wajita na Wakara huishi kwa mihogo, mpunga, machungwa, dagaa na sangara. Kwenye kisiwa jirani cha Ukara, ardhi ni haba: kwa desturi, ng'ombe hulishwa majani yaliyokatwa, wakiwa wamefungwa kwenye shimo ndani ya nyumba, na samadi yao hubebwa kichwani hadi shambani.