Pedi ya breki inayongoja joto

Chukua gari dogo la kilo 1,200, liendeshe kilometa 80 kwa saa kwenye barabara ya vumbi nje ya Bagamoyo, halafu kanyaga breki mpaka lisimame. Ule mwendo umeenda wapi? Umegeuka joto, takriban kilojuli 296. Joto hilo lingeingia lote kwenye sufuria, lingechemsha karibu lita moja ya maji ya bomba. Yaani ukisimama mara moja tu, breki zako zimechemsha chai ya watu wanne.

Nakuambia haya kwa sababu kila anayetaka kujaribu autokrosi huanza na swali moja dukani: "Mna pedi za mashindano?" Swali ni zuri, ila ukilijibu vibaya unaweza kuingia kichakani. Jibu lake liko kwenye historia, kwa hiyo twende nayo.

Mwaka 1888 Bertha Benz alichukua gari la mumewe akasafiri nalo zaidi ya kilometa 100, kutoka Mannheim hadi Pforzheim, Ujerumani. Kwenye miteremko vipande vya mbao vya breki vikaanza kulika. Akasimama kwa fundi viatu, akaomba apigiliwe ngozi juu ya mbao. Hiyo ndiyo mababu ya pedi unayoijua: kitu laini kinacholika ili chuma kisilike.

Ngozi haikuvumilia joto. Kule Uingereza, Herbert Frood alianza mwaka 1897 kutengeneza vitambaa vya breki, na kampuni yake ikaitwa Ferodo, yaani herufi za jina lake zimevurugwa na kuongezwa e. Pamba nayo iliungua, na mwaka 1908 akahamia kwenye asibesto. Nyuzi hizi za mawe haziungui na bei yake ilikuwa nafuu, kwa hiyo zikatawala breki za dunia kwa miongo mingi. Gharama yake ilikuja baadaye, kwenye mapafu. Vumbi la asibesto husababisha saratani, na fundi aliyepuliza ngoma ya breki kwa kompresa alikuwa anajipulizia mwenyewe. Umoja wa Ulaya uliikamilisha marufuku yake mwaka 2005.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 1953 yalitokea mambo mawili ndani ya wiki chache. Mwishoni mwa Mei magari yaliondoka kwenda kuzunguka Kenya, Uganda na Tanganyika kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Ndiyo mbio tulizokuja kuziita Safari Rally. Mwezi Juni, Jaguar ilishinda Le Mans, Ufaransa, kwa gari lenye breki za diski.

Tofauti yake ni hii. Breki ya ngoma husukuma shuu kwenda nje, zibane ukuta wa ngoma. Ngoma ikipata moto hutanuka, ikazikimbia shuu, na mguu wako unazidi kuzama. Diski ikitanuka inazifuata pedi, na tena iko wazi, inapigwa na upepo. Hata hivyo, Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alishinda Safari mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, gari lililokuwa na breki za ngoma magurudumu yote manne. Kwenye tope na mashimo, breki yako ya kwanza ni akili: kupunguza mwendo mapema.

Autokrosi ni mchezo mwingine. Marekani hukimbiwa kwenye lami, gari likizunguka koni. Kwetu Afrika Mashariki ni udongo, na Kenya wana mashindano yake ya taifa. Mizunguko ni mifupi. Hapo ndipo pedi ya mashindano inapokuangusha. Pedi hizo zimeundwa kwa mbio ndefu za lami na nyingine hazishiki vizuri mpaka zipite nyuzi 200 za Selsiasi. Wewe unafika kona ya kwanza ya baridi kabisa. Unakanyaga, gari linateleza mbele kama limepakwa sabuni. Zinapoanza kupata moto, umeshamaliza.

Piga hesabu: ukikimbia kilometa 40 badala ya 80, joto la kusimama halipungui nusu, linabaki robo, maana nishati hufuata mraba wa mwendo. Kilojuli 74 haziwezi kuamsha pedi ya Le Mans. Halafu kwenye mchanga tairi ndiyo yenye neno la mwisho. Ukibana kupita uwezo wake, gurudumu linajifunga na usukani hausikii.

Kwa hiyo, kwa gari unaloendea kazini Jumatatu na kuchezea Jumapili, tafuta pedi nzuri ya kawaida inayoshika ikiwa baridi. Iwe orijino, ya kiwanda kinachojulikana. Ile ya bei ya kutupa usiyojua imechanganywa na nini, iache dukani.

Hela utakayobakiza itumie kwenye mafuta ya breki. Mafuta haya hunywa unyevu wa hewa, na hewa ya Pwani si unaijua. Kiwango cha DOT 4 kinataka mafuta mapya yasichemke chini ya nyuzi 230, lakini yakishaingiwa na maji kiwango hicho kinashuka hadi 155. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke unabonyea: unakanyaga, kanyagio linakwenda hadi sakafuni, gari halina habari. Pedi ya bei mbaya haikuokoi hapo. Badilisha mafuta angalau kila baada ya miaka miwili, na ukikaa karibu na bahari usisubiri hata muda huo.

La mwisho ni kwa ajili ya fundi wako. Akifungua gurudumu, mwombe asipulize lile vumbi kwa kompresa wala kwa mdomo. Alifute kwa kitambaa kibichi. Asibesto imeondoka kwenye pedi nyingi, lakini hakuna anayejua gari la mtumba limebeba nini, na mapafu hayana duka la spea Kariakoo.