Kompyuta Zilipoanza Kujua Tulipo

Msomaji, wajua bila shaka ya kuwa simu ya mkononi yaweza kukuonyesha ulipo juu ya ramani, na ukiiuliza habari ya mvua hukujibu ya Nakuru au ya Lamu kwa kufuata mahali uliposimama. Huna haja ya kuitajia mji. Tumelizoea jambo hili hata halitustaajabishi tena. Lakini lina historia yake, na sehemu moja ya historia hiyo, iliyo muhimu kuliko watu wengi wanavyodhani, haikuhusu simu ya mkononi hata kidogo. Ilihusu beji ya kuvaa kifuani, mjini Cambridge, nchini Uingereza.

Kati ya mwaka 1989 na 1992, Roy Want, Andy Hopper na wenzao katika maabara ya kampuni ya Olivetti walishughulikia shida ambayo kila karani wa simu aijua. Simu yapigwa, atafutwa mtu fulani, naye hayumo ofisini mwake. Yumo katika jengo, lakini wapi? Wakatengeneza beji ndogo yenye uzito wa gramu 40. Kila baada ya sekunde 15 beji ilitoa mmweko wa miale ya infraredi, miale isiyoonekana kwa macho, na ndani ya mmweko huo mlikuwa na namba yake ya pekee. Miale hiyo haipenyi ukuta, na udhaifu huo ndio uliokuwa faida yake: kipokezi kilichotundikwa ukutani kikiipata namba, basi beji imo katika chumba kile kile. Kompyuta ilivizungukia vipokezi vyote kwa zamu, ikakusanya majibu, na karani akasoma jina la mtu na chumba alichomo.

Yaangalie kwa makini maagizo matano ambayo kompyuta hiyo iliyakubali. La kwanza liliuliza mtu yuko wapi. La pili, yuko pamoja na nani. La tatu lilitaja waliomo katika chumba fulani. La nne liliomba taarifa mara mtu fulani atakapoonekana. La tano lilitoa habari za mahali alikopita katika muda wa saa moja. Agizo la kwanza lamfaa karani wa simu. Lakini la pili na la tano yamfaa nani? Mwajiri mwenye kutaka kujua ni nani wanaonong'onezana angeweza kuyatumia bila shida yoyote. Watengenezaji wenyewe waliitambua hatari hiyo. Mtu aliweza kuivua beji na kuiacha mezani; lakini dawa hiyo ni hafifu, kwa maana beji isiyotoka mezani nayo husema jambo.

Baadaye Want alihamia Marekani, katika kituo cha utafiti cha Xerox kilichoko Palo Alto, California. Huko Mark Weiser alikuwa na fikira kubwa, aliyoitangaza mwaka 1991: kompyuta zitakuwa nyingi na ndogo, zienee vyumbani mwetu, hata tusahau kuwa zipo. Mwaka 1993 wafanyakazi wa kituo hicho walikuwa wakitumia kibao cha mkononi chenye kioo kidogo na vitufe vitatu. Kibao hicho kilikuwa na akili haba. Karibu kazi zote zilifanywa na seva, yaani kompyuta kubwa zinazohudumia nyingine, na katika seva kila kibao kilikuwa na wakala wake. Wakala huyu alikuwa programu, si mtu. Lakini alifanya kazi kama tarishi mwaminifu ajuaye bwana wake amelala nyumba ipi. Mwenye kibao akitoka chumba kimoja kwenda kingine, wakala alipata habari, na barua zake zikamfuata.

Mwaka 1994 Bill Schilit na wenzake waliandika juu ya programu zenye kutambua hali ya mtumiaji: yuko wapi, yuko na nani, na ana vyombo gani karibu. Mfano wao mmoja wapendeza kwa urahisi wake. Mtu akitaka kuchapa karatasi, mashine za kuchapia zilizo karibu naye hupewa nafasi ya mbele katika orodha.

Hata hivyo kila programu ilijengwa upya toka msingi, na kipokezi kikibadilishwa, programu nzima huharibika. Mwaka 1999, mjini Atlanta, Daniel Salber, Anind Dey na Gregory Abowd wa chuo cha Georgia Tech walionyesha njia nyingine. Waliweka kati ya vipokezi na programu vipande vidogo vya kati, kila kimoja na kazi yake: hiki hupokea habari, hiki huzifasiri, hiki huzikusanya. Ubao wao wa kuonyesha nani yumo na nani ametoka haukujali habari zimeletwa na chombo gani. Ukiondoa kipande kimoja na kutia kingine, ubao huendelea na kazi yake.

Ufundi huo ulikuwa mzuri, na swali la Cambridge likabaki pale pale: habari hizi ni mali ya nani? Mwaka 1993 Mike Spreitzer na Marvin Theimer wa Xerox walikuwa wamependekeza ya kuwa habari za mtu zikae kwa wakala wake mwenyewe, na yeye aamue ni nani wa kuambiwa. Simu zenye vipokezi vya GPS zilipoenea, kuanzia mwaka 2007 hivi, mambo hayakufuata njia hiyo sana. Simu yako hujua ilipo, kisha aghalabu huzipeleka habari hizo kwenye seva za kampuni usiyopata kuiona, katika nchi ambayo huenda hutaifikia.

Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019. Katika kueleza mambo yawezayo kumtambulisha mtu, sheria hiyo yataja jina lake, namba ya kitambulisho chake, na pia habari za mahali alipo.